Milango Niliyompa Mama Nekesa

Vijana wa kikosi, siku ile mliponiaga kwa soda na mandazi pale kwenye kontena la vifaa, mmoja wenu alisimama akasema kwamba miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hajawahi kuniona nikiogopa. Sikumjibu, maana mdomo ulikuwa umejaa andazi. Sasa nimestaafu, nimekaa nyumbani kwangu mtaa wa Tena, sina pa kuwahi asubuhi, na mke wangu ameshachoka kuniona nikikwaruza rangi ya dirisha kwa ukucha. Basi nimeona niwaandikie ukweli. Mimi ni mwoga. Kile mlichokuwa mkikiita umakini wa Mzee Mutiso kilikuwa hofu tupu, na nataka mjue ilitoka wapi.

Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Hazikuwa nyingi, na hakuna atakayejifunza kitu kwazo.

Nilianza nikiwa kijana wa kubeba ndoo, chini ya fundi wa rangi kutoka Majengo aliyeitwa Mzee Shee. Wazee wake walitoka pwani, yeye alizaliwa papa hapa Nairobi, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kiasi kwamba hata akikutukana ungependa arudie. Siku ya kwanza alinituma soko la Muthurwa nikanunue msasa. Nilirudi na ule laini wa kusugulia viti. Aliushika, akaugeuza, akaniuliza kama tunakwenda kupaka nyumba rangi au kuipodoa. Nilirudi Muthurwa kwa miguu.

Kazi yetu ilikuwa kwenye mitaa ya zamani ya Eastlands, nyumba walizojengewa wafanyakazi wa reli na wa baraza la jiji. Mnazijua: kuta nene, milango ya mbao nzito, uwanja mmoja katikati ambamo kila mtu hufua, hupika na kugombana. Mzee Shee alinifundisha kusoma rangi kwa kisu. Unakata alama ndogo kwenye mlango na tabaka zinajitokeza moja baada ya nyingine: krimu ya juzi, kijani cha zamani kidogo, kijivu, na chini kabisa nyeupe nzito iliyong'ang'ania mbao na kupasuka vipande vipande. Hiyo nyeupe aliipenda. Alisema rangi za siku hizi ni maji ya kuoshea brashi, zile za zamani ndizo zilizokuwa rangi. Hakuna aliyetuambia kwamba kilichozipa uzito huo ni madini ya risasi, na kwamba risasi ikiingia mwilini ni sumu.

Tulipiga msasa pakavu, milango na madirisha yamefungwa ili vumbi lisiwasumbue majirani. Tulikuwa tukitoka weupe hadi kope, na vumbi lenyewe lilikuwa na utamu wa mbali kwenye ulimi. Saa kumi kila mmoja alipewa pakiti ya maziwa, kwa kuwa kila fundi wa rangi alijua kwamba maziwa huosha kifua. Tuliyaamini hayo kabisa. Fundi angeweza kuvumilia kukosa chakula cha mchana, lakini akikosa maziwa yake hapo kazi ilisimama. Tulikunywa kwa mikono ile ile yenye vumbi, tukafuta midomo kwa mikono ya ovaroli, tukaenda nyumbani tumeridhika.

Baada ya miaka kadhaa Mzee Shee alianza kushikwa na tumbo. Lilimkunja hadi akawa anakaa juu ya ndoo akisubiri lipite. Lawama zote zilikuja kwangu, kwamba nachemsha majani ya chai mara mbili. Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kulegea kwenye kifundo. Angeuinua, na kiganja kikaning'inia. Akaifunga brashi mkononi kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, akaendelea kupaka, na mstari wake bado ulikuwa umenyooka kuliko wangu. Mwishowe mwanawe alikuja kumchukua kazini, na hakurudi tena. Alifariki kabla sijajua kilichokuwa kikimuumiza.

Aliniachia visu vyake viwili na desturi moja. Desturi hiyo ilikuwa hivi: ukivunja nyumba ya zamani au ukibadilisha milango, vumbi na magamba ni taka, lakini mbao si taka. Mbao kuukuu hupewa mama anayewapikia mafundi, akapikie. Fundi anayeziuza ni mchoyo, na anayezitupa hana adabu. Niliishika desturi hiyo kwa moyo wote. Mtaona.

Miaka ilipita. Nami nikawa fundi, kisha msimamizi, na mkandarasi wetu akapata kazi ya kuondoa rangi ya zamani kwenye nyumba na shule za chekechea. Alituletea mwalimu, mama mmoja mhandisi mwenye sauti ya chini, akatufunza wiki nzima chini ya turubai. Siku ya pili alituorodheshea ubaoni dalili za mtu mzima aliyeingiwa na risasi. Tumbo kukaza. Kifundo cha mkono kulegea. Niliacha kuandika. Alikuwa akimsoma Mzee Shee ubaoni bila kumjua, na kila mmoja wetu pale alikuwa amekula vumbi lile lile. Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi kabla sijashuka kitandani, nanyoosha mikono yangu mbele na kutazama kama viganja vinasimama. Mke wangu alidhani naomba. Sikumsahihisha.

Halafu mwalimu akasema kwamba sisi watu wazima si wa kuhurumiwa sana. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwa sababu hutambaa sakafuni, hutia kila kitu mdomoni, na akili zao bado zinajengwa. Mtoto aliyeingiwa na risasi anaweza asiugue mbele ya macho yako hata kidogo. Utaona tu baadaye, darasani, kwamba kitu fulani kimekuwa kizito kwake, na kilichoharibika hakirudishwi. Niliuliza kama maziwa yanasaidia. Alinijibu kwamba maziwa ni chakula kizuri.

Njia yake mnaijua, kwa kuwa niliwapigia kelele nayo kila siku. Tunapima kwanza, kwa kile kijiti kinachogeuka chekundu kikikutana na risasi. Tunatandika plastiki nzito na kuziba kila ufa kwa utepe. Tunalowesha kwa chupa ya kunyunyizia kabla ya kukwaruza, na tunalowesha tena, maana vumbi lililolowa haliruki. Hakuna msasa mkavu, hakuna kuchoma rangi kwa moto. Magamba yanaingia kwenye gunia la nailoni, na gunia hilo ndani ya gunia jingine. Ovaroli hazitoki pale. Sakafu inafyonzwa kwa mashine, inapigwa deki, inafyonzwa tena. Vijana wa mtaa walitucheka kwa zile suti nyeupe za kujikinga. Kila asubuhi kulikuwa na mmoja wa kuuliza, "Niaje daktari wa milango, mgonjwa ako aje leo?" Nami nilijisikia daktari kweli, na hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Miaka mitano iliyopita, kabla ninyi hamjajiunga nasi, tulipewa safu moja ya nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli. Mtaa wenyewe sitautaja, watu bado wanaishi mle. Uani kulikuwa na kibanda cha Mama Nekesa, mjane kutoka Bungoma, aliyepika githeri, maharagwe na chapati kwenye jiko la mafiga matatu. Binti yake Nekesa alifanya kazi ya kufua huko mtaa wa Pipeline, akitoka asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo mtoto wa Nekesa, Nafula, alishinda na nyanya yake. Alikuwa na miaka miwili na ushee. Alikuwa mnene, mwenye kelele, na alitusalimia wote kwa jina la fundi.

Milango ya safu ile ilipimwa yote kumi na miwili, na yote ikageuza kijiti kuwa chekundu. Kwenye kila mmoja niliandika herufi R kubwa kwa kalamu ya wino mzito, R ya risasi, kwa mkono wangu mwenyewe, ili asitokee mtu wa kuukwaruza ovyo. Tukaamua kwamba badala ya kuitoa rangi tuing'oe milango mizima na kuweka mipya. Ni njia salama, mwalimu alituambia hivyo. Tuliing'oa bila kuangusha hata gamba moja. Nilijivunia kazi ile. Tukaiegemeza ukutani, tukaifunika turubai.

Mama Nekesa alikuja akifuta mikono kwa leso.

"Fundi, hizo milango mnapeleka wapi? Makaa imekuwa shida."

"Chukua tu, Mama."

"Zote?"

"Zote."

Sikufikiri. Mtu akiniuliza leo nilikuwa nawaza nini, namwambia nilikuwa nawaza kwamba Mzee Shee angefurahi. Kichwani mwangu hatari ilikuwa vumbi, na mlango mzima hauna vumbi. Siku zote magamba niliyafunga ndani ya magunia mawili. Mbao zilizobeba rangi hiyo hiyo nilimpa mwanamke akapikie chakula, na usiku huo nikalala usingizi mzuri.

Siku ya tisa au ya kumi nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake nikila maharagwe. Alichochea moto, kipande cha ubao kikageuka, na nikaona herufi R nyeusi, mwandiko wangu, ikiungua polepole chini ya sufuria. Rangi kando yake ilikuwa ikitoa povu. Kijiko kilibaki njiani. Kisha nikamtazama Nafula. Alikuwa amechuchumaa kando ya mafiga na kisufuria chake cha kuchezea, akikisugua kwa jivu kama alivyoona nyanya yake akisugua sufuria kubwa kila jioni. Jivu lilimfika viwikoni. Alilamba kidole, akachovya tena, akaendelea.

Najua mnatarajia niseme kwamba niliruka nikamnyakua. Sikufanya hivyo. Niliogopa, na woga wangu siku hiyo ulikuwa wa aina mbaya kabisa, ule wa kujiogopea mwenyewe. Nilimwambia Mama Nekesa kwamba mbao zile zina misumari mingi na moshi mbaya, kwamba mkandarasi anazitaka, na jioni hiyo nikazibeba zilizobaki mimi na watu wawili. Nikamwomba amuoshe mtoto mikono. Akacheka, akaniuliza tangu lini mafundi wakajali mikono ya watoto. Nilicheka pia. Niliondoka pale nikijiambia kwamba moto umekwisha, mbao zimetoka, na hakuna haja ya kumtisha mjane wa watu.

Nilijificha hivyo kwa siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta akimpigapiga Nafula mgongoni. Mtoto alikuwa amejikunja, halii kwa sauti, ananung'unika tu. Mama Nekesa alisema ni minyoo, tumbo linamkaza tangu jana, ameshampa dawa. Nikamwona Mzee Shee juu ya ndoo yake. Nikakaa chini palepale kwenye saruji.

"Mama," nikamwambia, "si minyoo. Zile mbao zina sumu kwa rangi yake. Na lile jivu pia. Nilijua, na bado nikakupa."

Alikuwa akisukuma chapati. Mkono ulisimama juu ya kibao.

"Ulijua lini?"

"Kabla sijakupa."

"Na mtoto amekuwa akila jivu," alisema. Hakuwa akiniuliza. Alimwaga maji motoni, akavua aproni, akamfunga Nafula mgongoni. Nikawafuata hadi hospitali.

Daktari alimtoa mtoto damu, na damu ile ikapelekwa kwingine kupimwa kwa kuwa pale hawakuwa na mashine. Tuliambiwa tungoje. Kungoja kule sitakusahau. Nilimweleza mkandarasi kila kitu, naye akanikaripia, kwa haki kabisa, kisha akatoa watu na vifaa. Tulikisafisha kibanda kile kama tunavyosafisha nyumba yenye risasi, kwa suti zetu nyeupe, mbele ya wateja waliokuwa wamekula pale jana yake. Tulilowesha jivu, tukalifunga magunia mawili. Tukachimba udongo wa jikoni mpaka chini. Tukayatoa mafiga na zile sufuria alizokuwa akizisugua kwa jivu. Nyuma ya kibanda alikuwa na magunia ya udongo aliyopandia sukuma wiki, na kila jioni alikuwa akimwagia jivu shinani ili kufukuza wadudu. Yale nayo niliyaondoa. Wale vijana wa mtaa walitutazama, na hakuna aliyemwita mtu daktari.

Kikosi kizima cha wakati huo kilipimwa pia, kwa sababu sote tulikuwa tumekula chakula cha moto ule. Huo ndio ucheshi pekee niliouona katika jambo hili: wataalamu tuliolipwa kuiondoa sumu tulikuwa tumejipikia sumu hiyo hiyo. Majibu yetu hayakuwa mabaya sana. Ya Mama Nekesa yalikuwa juu kidogo. Ya Nafula yalikuwa mabaya, na daktari aliyarudia kusoma kabla ya kutuambia.

Alisema jambo la kwanza tumeshalifanya, yaani kumtenga na sumu yenyewe. Akaagiza apewe vyakula vya kuongeza damu, apimwe tena na tena. Nekesa, mama yake, aliuliza swali nililokuwa naliogopa: je, ikishuka kwenye damu, yamekwisha? Daktari alimgeukia Nekesa. Akasema itashuka, lakini iliyokwisha kupita kichwani hatuwezi kujua imefanya nini mpaka mtoto aanze kusoma. Labda hakuna kitu. Tutamwangalia.

Ilishuka kweli, mwezi baada ya mwezi, na tumbo likaacha kumkaza. Siku ya kipimo cha mwisho nilimwomba Mama Nekesa msamaha nje ya lango la hospitali. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa wiki nzima na yote yakanitoka vibaya. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakusema amenisamehe, wala hakunilaani.

"Fundi," alisema, "utakuwa unakuja kumwona huyu mtoto. Hii uoga siwezi beba peke yangu."

Basi ndiyo sababu ya mambo mengi mliyokuwa mkinung'unikia. Ndiyo sababu nilikuwa nikihesabu milango ikitoka na kuihesabu tena ikipakiwa. Ndiyo sababu hakuna mbao, fremu wala kipande cha ukubwa wa rula kilichobaki uani hata mama wa watu akiniomba kwa machozi, na kuna mitaa ambako hadi leo naitwa mchoyo. Ndiyo sababu niliwanunulia mama wapishi makaa, nikawakataza kuchukua hata vijiti vya kuwashia kwetu. Mtu atakuja kwenu, atasema mbao hizi ni safi, zimekauka, mnazitupa ya nini. Atakuwa mtu mwema, na nyinyi pia mtataka kuwa watu wema. Hapo ndipo muogope. Fungeni plastiki, zibeni utepe, pakieni, na mkubali kuitwa majina.

Mimi huenda kwa Mama Nekesa kila Jumamosi. Amehamisha kibanda, siku hizi anapikia gesi. Nafula yuko gredi ya pili, ana meno mawili ya mbele ambayo hayajaota, na bado ananiita fundi. Mwalimu wake anasema ni mtoto wa kawaida, mtundu kidogo, anachelewa kidogo kwenye kusoma, lakini wengi wao huchelewa. Nimeyageuza maneno hayo kila upande na sijapata pa kuyashikia.

Jumamosi iliyopita, ya kwanza tangu nistaafu, alinisomea kitabu chake tukiwa kwenye benchi. Anafuata mstari kwa kidole. Alisoma ukurasa mmoja vizuri, akageuza, akafika kwenye neno "walinyang'anywa" akasimama. Akajaribu. Akarudi nyuma, akajaribu tena. Nyanya yake aliacha kukoroga sufuria, na hatukutazamana. Ni neno gumu, hata mtu mzima anaweza kujing'ata ulimi akilisema. Alilitazama muda mrefu, kidole kikiwa juu yake. Nilikaa pale na mikono yangu imenyooka juu ya magoti, nisijue kama kilichomkwamisha mtoto ni neno lile au ni milango yangu.